Hodi ya Upande wa Ziwa

Kila asubuhi, kabla jua halijagusa mawe makubwa yaliyobebana juu ya kilima, Odeta alifagia kibaraza cha Kambi ya Upepo akiwa ameligeuzia ziwa mgongo. Alianzia upande wa jiko, akausukuma mchanga polepole hadi ngazi ya mwisho, ile inayokaribia maji. Aliipenda kazi hiyo kuliko nyingine zote pale kambini kwa kuwa haikumlazimu kuzungumza na mtu. Asubuhi hiyo alikuwa amefika katikati, wimbo wa kanisani ukimzunguka kichwani bila kufika mdomoni, mara mtu akabisha nyuma yake.

"Hodi."

Ilikuwa sauti ya upole, yenye mkwaruzo kidogo, kama ya mtu aliyetembea mbali bila kupata maji ya kunywa.

"Karibu," Odeta akaitikia bila kugeuka.

Neno lilimtoka lenyewe. Chuoni Arusha, alikosomea kazi za hoteli, mwalimu wa mapokezi alikuwa akiwaambia kwamba mgeni asiachwe abishe mara mbili. Wewe jibu kwanza, alisema, utamtazama baadaye. Odeta, ambaye kwa aibu yake kila neno lilikuwa mzigo, alilizoea hilo moja mpaka likawa kama kupiga chafya.

Akageuka, ufagio mkononi, tabasamu la kazini tayari usoni. Hapakuwa na mtu. Wageni walifika kambini kwa upande wa barabara, kupitia lango la mabati. Huku nyuma kulikuwa na ngazi, mchanga na ziwa, basi. Ziwa lenyewe lilikuwa limelala, kama linavyolala kila asubuhi kabla ya upepo wa mchana. Lakini ngazi ya mwisho, ambayo hakuna aliyeimwagia maji, ilikuwa imelowa.

Ndipo alipomkumbuka bibi yake.

Kwao Nansio, kisiwani, watu wanaoishi ufukweni wana utaratibu wao. Anayekuja nyumbani kwa njia ya nchi kavu hubisha hodi kama watu wote. Anayekuja kwa njia ya ziwa, hata kama ni baba mwenye nyumba anayerudi kutoka kuvua, hutaja kwanza jina lake na la mzazi wake, ndipo abishe. Hodi isiyo na jina ikitoka upande wa maji haijibiwi. Watu hunyamaza, na aliyekuwa anakula hubaki ameshika tonge, mpaka ipite. Odeta alikuwa mtoto alipomwuliza bibi ni nani huyo anayebisha. Bibi alimziba mdomo kwa kiganja kilichonuka dagaa, akasema, "Ndiyo maana hatuulizi."

Alikuwa bado amesimama akiyakumbuka hayo, wimbi likaja.

Hapakuwa na upepo hata wa kutikisa jani la mpapai. Wimbi lilichomoza kwenye mdomo wa ghuba, penye jiwe la kulia, likajiinua bila haraka, kisha likaanza kufunguka kuelekea kushoto, laini, kama mtu anayekunjua mkeka mbele ya mgeni. Likafika mchangani, likagonga ngazi mara moja, ko, likarudi. Nyuma yake ziwa likalala tena.

"Umeona?" mtu alipaza sauti kutoka kwenye banda la mbao. "Mtaalamu! Umeliona lile?"

Huyo alikuwa Malimi, na Odeta alimwona akija mbio, mswaki bado mdomoni, macho yakiwaka kama ya mtoto aliyeona gari la kwanza.

Malimi ndiye aliyekuwa mpanda mawimbi wa kambi, na huenda wa Mwanza nzima. Alikuwa kijana wa Kisukuma kutoka bara ya Magu, kwenye ng'ombe na pamba, aliyekuja mjini kufanya kazi katika kiwanda cha nguo akapunguzwa pamoja na wenzake wengi. Alipokuwa akizurura ufukweni bila kazi alikutana na Mzungu mmoja, mwalimu wa hesabu, aliyekuwa na mbao nne ndefu, laini kama samaki, na mazoea ya kusimama juu yake wimbi likimbeba. Mzungu alimfundisha misimu miwili, kisha mkataba wake ukaisha akaondoka. Mbao zikanunuliwa na Mzee Nurudin, ambaye enzi za uhaba aliuza spea za baiskeli chini ya meza, na ruksa ya biashara ilipokuja akawa anauza chochote juu ya meza. Mbao zilipofuatiwa na mabanda matano ya makuti na jiko, ikawa Kambi ya Upepo, Ilemela, mwendo mfupi kutoka uwanja wa ndege.

Sasa wakala mmoja wa Dar es Salaam alikuwa amepiga simu. Wageni sita waliokuwa wakizunguka pwani za Kenya na Tanzania walitaka kuona kama ziwa nalo lina mawimbi ya kupanda. Wakala alisisitiza jambo moja: si watu wanaojifunza, wala si mabingwa. Ni wa kati. Wakipelekwa kwenye vimawimbi vya watoto watacheka, na wakipelekwa kwenye mawimbi ya kuua, watakufa.

"Wewe ndiye msomi," Nurudin alimwambia Odeta. "Nitafutie mahali pa watu wa kati."

Kwa hiyo Odeta na Malimi walikuwa wametembea ufukwe wote, kusini na kaskazini. Nyuma ya uwanja wa ndege walikuta mchanga mzuri, lakini mawimbi ya pale yalianguka yote kwa pamoja, pwaa, mtu hapati hata nafasi ya kusimama. Hapo pangefaa wanaojifunza. Kaskazini, kwenye rasi yenye mawe mawili, wimbi lilikuwa refu na lenye nguvu upepo wa mchana ulipokaza, ila chini yake kulikuwa na miamba, na njia ya kutokea ilipita katikati ya mawe hayo mawili kama kupita kati ya fahali wanaogombana. Hapo pangewafaa mabingwa. Mahali pa katikati hawakupaona.

Jioni ya kuamkia siku ile, wakiwa wamekaa kibarazani na miguu yao imechoka, Odeta alikuwa amesema kwa sauti yake ndogo mahali hapo pangekuwaje. Chini pawe na mchanga. Wimbi lisizidi kifua. Lifunguke upande mmoja tu, ili mtu aweze kulikimbia. Na pembeni pawe na maji matulivu ya kurudia. Malimi alikuwa amemsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Ni yeye peke yake pale kambini aliyekuwa na subira ya kungoja sentensi za Odeta zifike.

Sasa wimbi hilohilo, na kila kitu alichokuwa amekitaja, lilikuwa limekuja kugonga ngazi yao, tena katika ghuba ambayo wavuvi waliiita Beseni kwa sababu maji yake hayakuwahi kutikisika.

"Lilikusikia," Malimi alisema akicheka, akaenda kuchukua ubao.

Odeta hakucheka. Alitaka kumwambia asiingie. Angemwambia nini? Kwamba amemkaribisha mtu asiyemwona?

Mama Dorotea, mpishi, alitoka jikoni akikausha mikono kwenye khanga. Alikuwa mwanamke mnene wa Geita aliyevuka kwa kivuko cha Busisi zamani kuja kuolewa, akaachika, asirudi. "Nani kaleta huyu?" aliuliza, akionyesha chini.

Pale ngazi zinapokutana na ukuta wa jiko alilala sangara mzima, mbichi, mkubwa kama mtoto wa shule. Hakuwa na jeraha la ndoano wala alama ya wavu.

"Mgeni huyu ana adabu," Dorotea alisema, akimnyanyua kwa mashavu. "Hakuja mikono mitupu."

Mchana walimla kwa ugali. Odeta alisema ana tumbo.

*

Kuanzia siku ile wimbi lilikuja kila asubuhi, bila upepo. Mzee Nurudin aliletwa kuliona, akasimama kibarazani na kofia yake ya kufuma, akapiga kelele mpaka akakohoa.

"Alhamdulillahi! Nimehangaika kutafuta mbali kumbe liko mlangoni. Odeta, andaa maelezo. Hapa ndipo."

"Mzee…" Odeta alianza.

"Sema, binti yangu. Mbona unanong'ona kama mwizi?"

"Halina upepo, Mzee. Wimbi la ziwa huletwa na upepo. Hili linatoka wapi?"

"Linatoka kwa Mungu. Malimi, wimbi bila upepo lina ubaya gani?"

"Ndilo zuri zaidi, Mzee," Malimi alisema. "Upepo hulichafua. Hili ni safi kama shuka iliyopigwa pasi."

"Umesikia? Shuka!" Nurudin akacheka, akaingia kwenye gari lake. Sentensi ya pili ya Odeta haikupata wa kuisikia.

Lakini aliendelea kuangalia, maana kuangalia hakuhitaji sauti. Aliona kwamba Dorotea alipoingia majini kusugua masufuria, wimbi halikuja. Yeye mwenyewe alipojikaza siku moja, akalala juu ya ubao kama mtu aliyelazwa hospitali, maji yalinyamaza mpaka aliposhuka. Siku nyingine alikuja rafiki wa yule Mzungu, mtu aliyekuwa amepanda mawimbi ya bahari tangu utotoni. Alisimama ufukweni kitambo kirefu, akitazama, akikuna shingo, kisha akasema ana safari ya Musoma na akaondoka bila kulowesha mguu. Wimbi halikuwataka wasiojua, na waliojua sana hawakulitaka. Lilimngoja Malimi.

Na lilimpima. Siku za mwanzo lilimfika kiunoni. Alipozoea likawa la tumboni, kisha la kifuani. Kila siku lilikuwa gumu kidogo tu kuliko lile aliloliweza jana, kiasi cha kumfanya atake tena.

"Linanifundisha," aliwaambia wakila chakula cha mchana. "Nikikosea linanirudishia lilelile. Walimu wa namna hiyo hawapatikani."

"Usisifu sana maji," Dorotea alisema. "Wanaozama ni nyinyi wa kati. Asiyejua haendi mbali, na anayejua anaogopa. Wewe una kaelimu ka kukutosha kufia."

"Mama, wewe ulipovuka Busisi uliogopa?"

"Nilitapika kutoka Busisi mpaka Kigongo. Na mwanaume niliyekuwa namfuata hakustahili hata kichefuchefu."

Walicheka wote, na Odeta pia, mkono mdomoni. Lakini alikuwa ameona kitu kingine. Wimbi halikuanzia tena kwenye jiwe la kulia. Lilianzia nyuma ya jiwe. Kesho yake likaanzia mbali zaidi, na Malimi akalazimika kupiga makasia kwa mikono yake hadi nje ya mdomo wa ghuba kulipokea. Wavuvi waliacha kupita Beseni. Minandi, wale ndege weusi ambao tangu kambi ijengwe walikuwa wakikausha mbawa zao juu ya mawe, nao walihama.

Zawadi ziliendelea. Asubuhi moja Odeta alikuta bakuli la bati lenye maua ya bluu, la kizamani, kingo zimeliwa na kutu, limejaa mchanga uliochekechwa. Asubuhi nyingine alikuta kandambili moja, ya mguu wa kushoto. Kisigino chake kilikuwa kimelika kwa kutembelewa, na alama za vidole vitano bado zilionekana kwenye mpira. Kuna mtu aliyekuwa ameivaa miaka mingi. Odeta aliishika, akahisi ina joto, ingawa jua lilikuwa halijatoka.

Hapo ndipo alipoelewa, akakaa chini palepale na ufagio wake. Mgeni akikaribishwa huleta zawadi. Mgeni akishakaa vya kutosha huaga. Na mgeni akiaga, husindikizwa. Kwao Nansio unatoka naye hadi mwisho wa ua, mnaongea, mnafika penye mihogo, mnaongea, na mgeni mwenye maneno matamu anaweza kukufikisha mbali sana kabla hujakumbuka kusema, haya, tuagane hapa.

Malimi alikuwa anasindikiza mgeni.

*

Kila jioni jua likielekea kuzama, Malimi alikuja kwenye dirisha la chumba cha Odeta kurudisha ufunguo wa banda. Alibisha hodi mlangoni, na kila siku Odeta alinyoosha mkono dirishani, akaupokea, akasema ahsante. Hakuwahi kumwambia karibu. Neno alilowapa wageni wote wa dunia, huyo mmoja hakuweza kumpa, kwa kuwa kwake lingekuwa na maana.

Jioni hiyo, zikiwa zimebaki siku chache wageni waje, mkono haukutoka dirishani. Odeta alifungua mlango, akasimama kizingitini.

"Malimi, kesho usiingie majini."

"Kesho Mzee anakuja kunitazama mara ya mwisho. Saa sita anapiga simu Dar. Kwa nini nisiingie?"

Akamweleza. Ilimchukua muda, na Malimi alingoja kila neno. Alimweleza habari za bibi, za hodi isiyo na jina, za asubuhi ile. Alipomaliza, Malimi hakumcheka kama alivyoogopa. Alikuna sikio, ambalo siku hizi lilikuwa na maji daima.

"Kwetu ng'ombe hawabishi hodi," alisema. "Kwa hiyo mimi na mambo ya ziwa…" Akaligeukia ziwa. "Lakini kule nje, Odeta, nikiwa nalisubiri, nasikia kama mtu anaongea. Si maneno. Kama unavyosikia watu wa chumba cha pili. Natamani kusogea nisikie vizuri."

"Basi usiende."

"Nikisema siendi, Mzee atawaita wageni na mimi atanifukuza, na wageni wataingia wenyewe. Ni wa kati wote sita. Afadhali niwe mimi, ninalijua." Akatoa ufunguo. "Ila kama hutaki niende kwa sababu nyingine, niambie."

Odeta alitazama ufunguo. Sababu nyingine ilikuwepo, ilikuwa imemjaa kifua kizima. "Ni hiyo tu," alisema.

Malimi alitikisa kichwa taratibu, akamwekea ufunguo kiganjani, akaenda zake.

*

Asubuhi ziwa lilikuwa jeupe, halina mstari kati yake na mbingu. Mzee Nurudin alifika mapema akiwa na shati jipya la kitenge. Odeta alimfuata hadi kibarazani.

"Mzee, hapa hapafai."

"Umesemaje?"

"Hapafai kwa wageni. Wala kwa Malimi." Sauti ilitoka, ila ilitoka nyembamba, na Nurudin alikuwa tayari anatazama juu ya kichwa chake.

"Angalia, angalia, analipata!"

Malimi alikuwa mbali, mbali kuliko siku zote, doa jeusi katikati ya weupe. Nyuma yake maji yaliinuka. Odeta hakuwahi kuona wimbi zuri namna ile. Lilisimama refu, likafunguka bila kelele, na Malimi akasimama juu ya ubao, magoti yamelegea, mikono imetulia, kama mtu aliyezaliwa humo. Nurudin alipiga makofi. Dorotea alitoka jikoni na mwiko wake, akausahau moto.

Wimbi lilifika kwenye jiwe la kulia. Hapo ndipo lilipopaswa kuingia ghubani. Halikuingia. Lilizunguka jiwe, kama mtu anayezunguka nguzo ya nyumba, na bado limesimama vilevile, likaanza kurudi lilikotoka, likiwa na Malimi juu yake.

"Hee," Nurudin alisema. "Linakwenda wapi?"

Malimi naye alikuwa ameona. Walimwona akijaribu kushuka, akijirusha majini, na wimbi likimwinua tena juu ya ubao, kwa upole, jinsi unavyomshika mkono mtu uliyekuwa bado unaongea naye.

"Mtumbwi!" Nurudin akapiga kelele. "Mtumbwi uko wapi?" Hapakuwa na mtumbwi, wavuvi walikuwa wamelikimbia Beseni. Mzee, na utu uzima wake wote, akavua viatu akakimbia kuelekea ghuba ya pili, na Dorotea nyuma yake akiita jina la Yesu na majina ya wavuvi wote aliowajua.

Odeta alibaki peke yake. Akashuka ngazi mpaka ya mwisho. Maji yalikuja taratibu, yakagonga. Ko.

"Hodi," ikasema ile sauti yenye mkwaruzo.

Alikuwa na kiu ya kunyamaza. Maisha yake yote alikuwa amenyamaza. Lakini kunyamaza kungefaa siku ile ya kwanza, na sasa hakukufaa kitu, kwa sababu mlango aliufungua yeye kwa mdomo wake.

"Mimi ndiye niliyekujibu," alisema. Ulikuwa mnong'ono. Akajikaza. "Mimi ndiye niliyekujibu! Nilisema karibu kwa mazoea. Sikumaanisha. Hapa hukualikwa."

Maji yalitulia, kama mtu aliyeinamisha kichwa kusikiliza.

"Samaki wako tulimla, na tunashukuru, lakini hatukumwomba. Bakuli na kandambili uwarudishie wenyewe. Na huyo uliyemchukua si wa kukusindikiza." Alikuwa analia na hakujali. "Ulikuja peke yako, rudi peke yako. Tunaagana hapa. Nenda!"

Alikuwa hajawahi kumwambia mtu yeyote nenda. Akaokota lile bakuli na ile kandambili kutoka kando ya ukuta, akavitupa majini. Kisha akachukua ufagio, akaligeuzia ziwa mgongo, akaanza kufagia. Kufagia mgeni akiwa bado hajatoka ni tusi ambalo hakuna asiyelielewa. Alifagia ngazi kwa nguvu, mchanga ukiruka nyuma yake na kuanguka majini.

Alifagia muda mrefu. Nyuma yake hapakuwa na sauti hata ya maji.

"Hodi," ikaja nyuma yake.

Ilikuwa sauti ya Malimi.

Ufagio ulisimama. Kila kitu ndani yake kiligeuka kabla ya mwili, lakini mwili aliuzuia. Haikutaja jina. Alishika ufagio kwa mikono yote miwili, akaendelea.

"Hodi, Odeta." Sauti ya Malimi kabisa, na subira yake ileile. "Naumwa. Nifungulie."

Kama ni yeye, alikuwa anamwacha afe ufukweni nyuma ya mgongo wake. Kama ni yeye, hatajisamehe mpaka kaburini. Aliuma mdomo hadi ukatoka damu, akafagia. Sauti ikaita tena, karibu sana, hewa ya baridi ikamgusa shingoni. Kisha ikaita kwa mbali. Kisha ikaita kwa mbali zaidi, tena haikuwa ya Malimi, ilikuwa na mkwaruzo. Kisha ikakoma.

Upepo ukaanza. Ulikuwa upepo wa kawaida, wa mchana, uliowahi kidogo tu, ukatikisa mpapai. Juu ya mawe mnandi mmoja alitua, akafungua mbawa zake.

Halafu akasikia mtu akikohoa na kutapika maji, na miguu mizito ikijikokota kwenye mchanga, na kitu kikubwa kikiburutwa kisha kikiachwa. Miguu ikasimama hatua chache kutoka ngazini. Haikusogea zaidi.

"Malimi," mtu alisema, akihema. "Ni Malimi, mtoto wa Ng'washi. Wa Magu. Sijui niongeze na majina ya ng'ombe…" Akakohoa tena. "Hodi."

Odeta akageuka. Malimi alikuwa amelowa, goti limechubuka, mguu mmoja una mchanga hadi pajani, na nyuma yake ziwa lilikuwa na vimawimbi vidogo vya ovyo ovyo, vya upepo tu. Kutoka upande wa ghuba ya pili zilisikika kelele za Nurudin na Dorotea wakija na watu. Wangefika sasa hivi, na wangesikia. Hakushusha sauti.

"Karibu," alisema. "Wewe, Malimi wa Ng'washi, si mwingine. Karibu kwangu. Hii nimeimaanisha."